Maji ya Mapazia

Miaka kumi na tisa Mama Pazia alifua mapazia ya baa. Sigara hakuwahi kuitia mdomoni, kikohozi alikipata bure. Madiwani walipokusanya maoni kuhusu sheria ya moshi kazini, alitinga na chupa kikapuni.

“Mama, wavutaji wa baa tumeshawatengea kona yao. Yatosha,” mwenyekiti akasema.

“Moshi haujui kusoma kibao, mheshimiwa.”

Akamimina maji kwenye glasi, akamsogezea. Yalikuwa na rangi ya chai iliyolala.

“Nini hiki?”

“Nimefulia pazia la mbali na hiyo kona yenu. Limetundikwa mwezi mmoja tu. Kunywa.”

Mwenyekiti akarudisha kiti nyuma.

“Yamekushinda? Mimi nayanywa kwa pua kila siku, na leo nimechoka.”