Tone la Mafuta na Kidole cha Mama

Mtu asiyeijua kazi yangu akiniuliza nafanya nini, namjibu kwamba natengeneza mabango ya misiba. Siyo kweli yote. Natengeneza pia kadi za harusi, menyu za migahawa na vitambulisho vya shule. Lakini Musoma watu wanakufa kila wiki, na kila marehemu anataka bango lenye picha yake, mawingu nyuma na njiwa wawili pembeni. Njiwa wale nimewaweka kwenye picha za watu ambao hawakuwahi kuwa wapole hata siku moja. Niliwachoka. Kwa hiyo siku mzee mmoja wa Bunda, mwenye mashine ya kukamua alizeti, alipofika kwenye meza yetu pale mtaa wa Mukendo, nilimsikiliza kwa masikio yote. Alitaka tangazo la kucheza kwenye skrini mlangoni kwake, mafuta yaonekane yanachuruzika yenyewe, kama samli ya kijijini. Alisema atakayemtengenezea likampendeza ndiye atakayefanya lebo za chupa zake na kazi zake zote. Mimi niliona mlango wa kutokea msibani.

Nasema meza yetu kwa sababu tulikuwa wawili. Mwenzangu alikuwa binti wa fundi cherehani wa Bunda, mdogo wangu kwa umri, na kwenye rangi alinizidi mbali. Tuligawana meza, soketi ya umeme na sahani ya mchana. Mwezi wa Ramadhani nilikuwa nakula nimejificha nyuma ya mashine ya kuchapa kwa heshima yake, na yeye alikuwa ananicheka: "Dada, kula tu, mi siwezi kufa kwa harufu ya dagaa." Nilimpenda yule msichana. Naandika hivyo mapema ili ieleweke kwamba sikuwa nalala na mlango wazi kwa ujinga.

Katika kazi hii mteja anapewa picha iliyofungwa, kila kitu kimebanwa pamoja kuwa kitu kimoja. Faili la leya ni habari nyingine. Humo kila kipande kimekaa kwenye karatasi yake, kimelazwa juu ya kingine, na ukitaka unakichomoa kimoja bila kugusa vilivyobaki. Hilo humpi mtu. Wenye meza nyingine pale mtaani wanayafunga ya kwao kwa nywila, hata ndugu haonyeshwi. Sisi wawili tulikuwa tunapeana, kama watu wanaoachiana ufunguo wa nyumba.

Maji yanavyodondoka nilikuwa nayajua, yanatoka, yanaanguka, basi. Mafuta yana maringo. Kwa hiyo nilipanda gari nikaenda Butiama kwa mama, ambaye bado anasukasuka maziwa kwenye kibuyu na kuchemsha samli yake mwenyewe, nikamwomba amimine polepole nimrekodi kwa simu.

"Unapiga picha kibuyu?" akaniuliza. "Mimi hunipigi?"

"Nawapiga wote, mama."

"Basi ngoja ninawe."

"Usinawe."

Alimimina. Samli ilijikusanya kwenye mdomo wa kibuyu, ikanenepa, ikaanza kujivuta kwenda chini, na kabla haijakatika, kidole cha mama kikapita kikaifuta. Akakilamba. Hapo ndipo nilipokumbuka kitu ambacho nilikuwa nimekiona maisha yangu yote bila kukiangalia. Kwa mama tone halifiki chini. Tukiwa wadogo kidole kile kilikuwa kinaishia kwenye mdomo wa mtoto aliye karibu zaidi, na sisi wote tulikuwa tunapigana vikumbo kuwa karibu. Ukucha wake umepasuka katikati kwa kupalilia mihogo, na una mstari mweusi ambao sabuni haiutoi.

Nikarudi Mukendo nikaanza kuchora. Programu yenyewe ni ya kuhariri picha tu, haikutengenezwa kwa ajili ya katuni, lakini ukiwa na subira inakubali. Kibuyu kinakaa kwenye leya yake, hakisogei. Tone unalichora juu yake, dogo kama punje ya mtama. Unanakili leya hiyo, ile ya zamani unaififisha ibaki kama kivuli, halafu ile mpya unaisukuma chini kidogo kwa brashi. Unanakili tena, unasukuma tena. Hakuna ujanja mwingine. Kila leya inakuwa fremu moja, na kila fremu unaipa muda wake. Tone likiwa linanenepa unalipa muda mrefu, kwa sababu mafuta hayana haraka. Likianza kujivuta unapunguza muda. Mwisho kinaingia kidole, kinafuta, kinatoka na kuacha mdomo wa kibuyu ukiwa umelowa tu, na pale pale tone jipya linaanza. Fremu ya mwisho inaingia kwenye ya kwanza bila mtu kuona maungio. Nilipobonyeza kitufe cha kuchezesha nikaona mkono wa mama unafuta, unafuta, unafuta, nilipiga kelele mpaka wa meza ya jirani akaja kuuliza nani kafa.

Mwenzangu aliangalia akacheka. "Tone ni zuri, dada. Ila hicho kidole kinatisha. Tangazo la chakula linatakaga kidole kisafi."

"Hicho ni kisafi kuliko chako."

Tukacheka wote, na mimi nikadhani yameishia hapo.

Zilikuwa zimebaki rangi. Njano yangu ilikuwa imepoa, ilifanana na mafuta ya gari. Nikiwa bado naihangaikia, nikapigiwa simu kutoka nyumbani kwamba mama ameteleza akivuka mfereji, amevunjika mguu. Nilifunga kompyuta nikaondoka na nguo nilizovaa. Kesho yake mwenzangu alinipigia. "Dada, we uguza mama. Nitumie leya zote nikumalizie rangi, halafu mi mwenyewe nitampelekea mzee. Nitamwambia ni yako." Nilisimama juu ya kichuguu nyuma ya nyumba, mahali ambapo mtandao unashika, nikamtumia lote, nikamshukuru mpaka nikatokwa machozi.

Wiki zikapita. Nilimpikia mama, nikamwogesha, nikampalilia na mihogo yake vibaya mpaka akanikataza. Kila nilipouliza habari za mzee, mwenzangu alinijibu kwa upole. "Hajasema kitu, dada. Naona ameahirisha. Mama anaendeleaje?" Alikuwa anauliza habari za mama kila mara. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo.

Siku ya kutolewa plasta nilimpeleka mama Bunda hospitali. Tulipotoka, yeye na mkongojo wake, alitaka kuangalia maduka kwa kuwa alikuwa amefungiwa ndani muda mrefu. Tukaenda polepole. Mbele ya duka moja akasimama.

"Hiyo si kibuyu yangu?"

Skrini ilikuwa juu ya mlango. Kibuyu chetu kilikuwa kinang'aa, njano imetulia kabisa, nzuri kuliko ningeweza mimi. Tone likanenepa, likajivuta, likakatika, likaanguka likapotelea chini ya skrini. Halafu ghafla, kama mtu aliyeshtuliwa usingizini, tone jingine likawa limekaa pale juu. Likaanguka nalo.

"Mbona wanaacha inamwagika?" mama akasema. "Na kidole yangu iko wapi?"

Yule mzee akatoka ndani, akanitambua, akafurahi kweli kweli. "Ooh, karibu! Huyu ndiye mama? Pole sana mama yangu. Mwenzako alituambia umeacha kazi, umerudi nyumbani kuuguza. Nikasema huyo ni mtoto, wachache siku hizi. Lakini nafasi yako ameishika vizuri, kazi zetu zote anafanya yeye sasa. Umeona mafuta hayo?"

Ningeweza kumwambia pale pale. Aliyeongea ni mama. "Hapo kulikuwa na kidole," akamwambia, akakinyanyua chake akamwonyesha. "Inapita hivi, inafuta. Nyie mnamwaga." Mzee akacheka kwa adabu, kama unavyomcheka mama wa mtu, akatupatia chupa ya mafuta kama zawadi. Mama akapokea. Mimi nisingepokea.

Nilisalitiwa. Neno hilo nilikuwa nadhani ni la kwenye tamthilia za televisheni, la wanawake wenye kucha ndefu wanaopigana vibao kwenye ngazi. Kumbe linaweza kukupata umesimama Bunda juani, umeshika mkoba wa mama wenye dawa za maumivu. Na si kazi tu iliyoniuma. Mguu wa mama yangu ndio uliotumika. Kila "mama anaendeleaje" ilikuwa ya kujua kama bado niko mbali.

Nilirudi Musoma nikakuta upande wake wa meza umefutwa vizuri kwa kitambaa. Alikuwa amehamia Bunda, kwenye chumba cha mbele cha baba yake. Nikampigia.

"Dada, wewe ulikuwaga Butiama, na mzee alitaka haraka," akasema. "Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Ulimwambia nimeacha kazi."

"Nilimwambia unauguza. Kuelewa ni yeye alielewa hivyo."

"Na kidole?"

"Dada, si kidole tu?"

Nilikata simu. Nikarudi kwa njiwa wangu. Watu walinishauri niende kwa mzee nikadai haki. Sikutaka kusimama mlangoni kwa mtu nikigombania kidole cha mama mbele ya wanunuzi wa alizeti. Labda ni kiburi. Baba alikuwa anasema ninacho, na mimi sikukataa.

Halafu siku moja ukaingia ujumbe wa sauti wa mwenzangu kwenye simu, sauti ile ile ya zamani, ya kubembeleza. "Dada yangu, najua umekasirika. Nisaidie kitu kimoja tu. Mzee analalamika mafuta yanashtuka. Tone likianguka, lingine linaruka. Nimehangaika nalo nimeshindwa."

Niliisikiliza nimesimama, nikaketi, nikaisikiliza tena. Nilijua tatizo kabla hajamaliza. Tone linashtuka kwa sababu kidole ndicho kilichokuwa kinalirudisha mwanzo. Aliondoa mkono wa mama, akaacha shimo, halafu anashangaa kwa nini watu wanajikwaa. Nikamjibu kwa maneno machache: nitumie faili, leya zote.

Akalituma, bila wasiwasi hata kidogo. Huyo ndiye mtu aliyeniibia, na bado aliniamini kuliko mimi nilivyowahi kumwamini mtu.

Nililifungua. Leya zangu zilikuwa pale pale, kwa mpangilio wangu, na majina niliyozipa mwenyewe. Za kidole hakuwa amezifuta. Kwenye programu ile kila leya ina jicho dogo pembeni yake, ukilibonyeza linafumba na kilichomo hakionekani, lakini kipo. Alikuwa amefumba macho tu. Nikayafumbua, mama akaingia, akafuta tone, akatoka. Ukucha wake uliopasuka. Miezi yote ile alikuwa humo ndani, kwenye tangazo la mlango wa watu, amefunikwa.

Nililia, ndiyo. Nililia kwa hasira, wateja wawili wa bango la msiba wakadhani nalilia marehemu wao wakanipa pole.

Kisha nikazifuta leya za kidole. Si kuzificha, kuzifuta. Moja, nyingine, nyingine, kila mara programu ikiniuliza kama nina uhakika, na kila mara nikisema ndiyo. Nakala yangu ninayo, lakini kufuta mkono wa mama ni kufuta mkono wa mama hata kama ni picha. Nilipomaliza nikachora fremu za katikati alizoshindwa: mdomo wa kibuyu umelowa, unameta kidogo, tone linaanza kujikusanya taratibu. Nilizichora vizuri. Sikuweza kuvumilia kibuyu chetu kishtuke mbele ya watu. Nikamrudishia faili bila neno lolote.

Jioni akatuma sauti.

"Asante dada, umenistiri, sasa linashuka kama la kweli. Ila mbona zile za kidole sizioni? Nilitaka nizirudishe. Mzee anasema yule mama siku ile alimwonyesha jinsi kinavyopita, na tangu siku hiyo anakifikiria, anasema tangazo bila kidole halina mtu. Sasa anakitaka. Najua kwako zipo. Nitumie basi, usinitupe mdogo wako."

Nilimwandikia kwamba kidole kiko Butiama, mguu umepona, na asubuhi hii kilikuwa kinapalilia mihogo. Aende akakiombe mwenyewe, na akifika asisahau kumwambia mama ni nani aliyekificha.