Frank Yupi?

Hadi leo naikumbuka siku niliyokaribia kumkosa mama yako kwa sababu ya mdomo wangu. Naikumbuka mpaka shati nililovaa, la kijani, nililoazima kwa mjomba. Nakueleza sasa, mwanangu, kwa kuwa juzi ulinionyesha kwenye simu habari za Wafranki, ukaniuliza huku unacheka kama sisi akina Frank wa Ufipa ni ndugu zao. Na Jumamosi unakwenda kujitambulisha ukweni. Vuta kigoda uje hapa juani, baridi ya leo haina adabu.

Baba yangu alifariki nikiwa bado mgongoni mwa mama, na babu alikuwa amekwisha kutangulia. Nikakulia kwa wajomba, huko njia ya Matai. Walinilea vizuri, nawashukuru. Sikulala njaa na shule nilipelekwa. Ila habari za upande wa baba hakuna aliyenipa, na mimi niliona haya kuuliza, wasije wakadhani nimechoka kukaa kwao. Wenzangu walipokuwa wakisimulia mambo ya babu zao, mimi nilikuwa na jina tu, Evarist Frank, basi.

Nilipofika sekondari pale Sumbawanga, mwalimu wa historia akatufundisha Wafranki. Akasema walikuwa watu wa jamii ya Kijerumani walioishi kandokando ya mto Rhine, wakavuka, wakatawala nchi ya watu wengine, na nchi hiyo ndiyo leo inaitwa Ufaransa kwa jina lao. Mfalme wao mmoja alibatizwa, na askari wake wengi wakabatizwa pamoja naye. Mwalimu akaongeza kwamba hata sasa kuna watu wengi wenye ubini wa Frank, wengine kwa sababu wazee wao walitoka kwa watu hao, wengine kwa sababu tu kulikuwa na babu aliyeitwa hivyo. Mimi nilisikia ile nusu ya kwanza. Kichwa kikavimba. Nikaanza kutembea kifua mbele, na aliyeniuliza kwetu ni wapi nilimpa mto Rhine wote.

Sasa nikampenda mama yako, Skolastika. Alikuwa akiishi na bibi yake mzaa baba, Bibi Apolonia, na neno la bibi huyo ndilo lililokuwa la mwisho katika nyumba ile. Wajomba wakamtuma Mzee Kasiano awe mshenga wangu, mtu mzima mpole aliyejua koo za Ufipa yote. Njiani aliniambia jambo moja tu, "Evarist, ukifika pale salimia, kisha unyamaze. Maneno niachie mimi." Nawe unajua desturi yetu, mwenye kuposa hajisemei.

Tulipokelewa vizuri. Tukachuchumaa, tukapiga makofi taratibu kama inavyotupasa mbele ya wakubwa, tukatoa shikamoo. Mzee Kasiano akaeleza safari yetu, akasema tumemleta kijana Evarist Frank. Bibi Apolonia akaniangalia, akatabasamu kidogo, akauliza, "Frank yupi?"

Mzee Kasiano alikuwa ndiyo kwanza anafungua kinywa. Mimi nikamdakia. Mwanangu, nilisema. Nilisema Wafranki, nikasema Rhine, nikasema mfalme na askari wake, nikamalizia kwamba jina letu halikuanzia huku porini. Niliona Mzee Kasiano ameinamisha kichwa. Nikadhani ananisikiliza.

Tabasamu la bibi liliondoka. Akasema, "Basi mposaji amefika kutoka mbali. Mjukuu wangu hatujamlea aende mbali hivyo. Nendeni salama."

Tukatoka bila hata kuonja ugali. Mama yako alikuwa mlangoni pa jikoni, machozi yanamlenga, wala hakuniangalia. Mzee Kasiano hakunigombeza. Alitembea mbele yangu mpaka tukafika bondeni, ndipo akasema, "Nilikuwa na neno moja la kumjibu yule mama, naye alikuwa akilisubiri. Umelikalia. Kama unamtaka binti, rudi kesho na jembe, usiseme kitu."

Nikarudi alfajiri. Bibi alikuwa shambani na wanawe, wakitengeneza intumba, yale matuta yetu ya duara, nyasi zinalazwa chini na udongo unafunikwa juu ili zioze kwa ajili ya ulezi wa mwaka unaofuata. Nikasalimia, nikaingia mstarini. Hakuna aliyenikaribisha, hakuna aliyenifukuza. Nililima siku tatu. Viganja vilichubuka, maana sekondari ilikuwa imenilainisha, na nilikuwa naogopa kweli. Nilijua nikikosa hapo nimemkosa Skolastika kabisa.

Siku ya tatu bibi akaniita kando, akanipa kibuyu cha togwa. Akasema, "Frank ninayemjua mimi ni baba yangu mzazi. Jina alipewa na padri alipobatizwa, hakuliuliza limetoka wapi. Alikuwa mpagazi, anapandisha samaki wakavu kutoka Kipili, kule ziwani, kuja huku juu. Siku moja akakuta mtoto ameachwa kando ya njia, ana homa, watu wanampita. Akautua mzigo wa samaki, akambeba mtoto mgongoni siku mbili mpaka misheni. Aliporudi, samaki hawapo. Watu walimcheka mwaka mzima. Yule mtoto akapona, akakua, na siku ya ubatizo wake akaulizwa anataka jina gani. Akasema, nipeni la yule aliyenibeba." Akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Huyo ndiye babu yako. Kasiano alinieleza mapema wewe ni nani. Nilitaka nilisikie jina la baba yangu likitajwa nyumbani kwangu na mjukuu wa yule aliyebebwa. Wewe ukanitajia watu nisiowajua."

Nililia, mwanangu, sikuficha. Nililia kwa aibu, kisha nikalia kwa furaha, maana tangu nizaliwe ndiyo mara ya kwanza nilipopewa babu. Nikapiga magoti nikamwomba radhi, na baadaye nikaenda kumwomba Mzee Kasiano. Skolastika niliozwa baada ya mavuno. Bibi yule namshukuru kila nikisali, kwa kuninyima kwanza, kisha kwa kunipa vyote viwili, mke na ukoo.

Basi Jumamosi ukifika, msalimie kila mtu, na mshenga wako mwachie maneno, hata kama unajua zaidi yake. Wafranki wasome, ni watu wenye historia kubwa, wala sikukatazi. Lakini wakikuuliza wewe ni Frank yupi, wape habari ya mpagazi wa Kipili na mtoto mwenye homa. Usiione ndogo. Bila samaki wale kuachwa njiani, mimi nisingezaliwa, wala wewe.

Nenda na baraka zangu na za mama yako. Mungu akupe mke mwema na watoto wenye afya. Na siku utakapomkuta mtu ameachwa kando ya njia, akupe moyo wa kuutua mzigo wako.