Mbwa wa marehemu mume wangu amenifukuzia watu jikoni

Admin, marahaba. Najua ungeniamkia, kwa hiyo naitikia kabisa. Jina langu liache. Umri siujui sawasawa, shule sikuingia mimi, ila wajukuu zangu wengine wameshaoa, basi piga hesabu mwenyewe. Nipo huku Lushoto milimani, ukishapita Vuga unapanda… hapana, kijiji kifute, watanijua. Anayeandika ni mkwe wangu, mke wa mwanangu mdogo, mimi naongea tu. Ananiambia, "Mama, fupisha." Nitafupisha.

Mimi ni mjane. Mgosi wangu alifariki mwaka jana, mapeasi yakiwa yanaanza kuiva, hata hakuyaonja. Ameniachia shamba, mgongo unaouma, na mbwa. Mbwa anaitwa Polisi. Sisi ni Waislamu, na mate ya mbwa kwetu ni najisi, hilo mnalijua. Lakini huku bila mbwa mahindi unalima wewe, nguruwe na ngedere wanavuna wao. Kwa hiyo mgosi alimfuga, ila kwa adabu. Alimfundisha asivuke migomba ya uani. Hata mvua ya mawe inyeshe, Polisi anasimama palepale kwenye migomba, anatuangalia. Mbwa yule alikuwa na heshima kuliko watu wengine ninaowajua, na sitawataja.

Sasa amezeeka. Macho yameingia ukungu, meno hana, miguu ya nyuma anaiburuta. Migomba haioni tena. Baridi ya mwezi wa saba ilipoingia akafuata joto, akaja mpaka jikoni, akalala kwenye majivu. Nikamfukuza. Akarudi. Nikamfukuza na ufagio. Akarudi, akaweka kichwa chini kama mtu anayeomba samahani. Mimi nami ni mzee, Admin. Nilishindwa.

Nampikia uji wa dona na dagaa waliopondwa, kitu kigumu hawezi. Dawa ya macho nanunua duka la mifugo mjini, na maharage niliyoweka ya mbegu nimeshauza karibu yote. Mkwe wangu ananisema, "Mama, vidonge vyako vya presha umenunua, au umemnunulia Polisi?" Naendelea kukoroga uji. Hata sasa ananiangalia kwa jicho hilo hilo. Andika tu, mwanangu, na hilo liandike.

Tatizo lenyewe ni sufuria. Sisi akina mama tuna kikundi, tuna masufuria yetu ya shughuli, misiba na harusi, na mtunzaji nilikuwa mimi. Tangu mgosi akiwa kijana yanakaa kwangu. Sufuria langu dogo likatoboka, nikachukua la kikundi, lile dogo kabisa, nikapika uji wa Polisi. Nikasema nitaliosha mara saba, moja kwa udongo, kama tulivyofundishwa. Nilikuwa nimetoka kuchota maji. Kurudi namkuta wifi yangu, dada yake marehemu, amesimama mlangoni, amefuata masufuria ya harusi. Na Polisi kichwa chote kiko ndani ya sufuria.

"Wifi! Humo si ndimo tunamopikia pilau?"

"Nitaliosha mara saba, wifi."

"Osha mara sabini! Mimi hapa kwako hata maji sinywi tena!"

Akatoka anatema mate njia nzima. Jioni hiyo hiyo wakaja kuyachukua masufuria yote, wamejifunga kanga viunoni kama wanaotoa vitu kwenye nyumba inayoungua. Niliyaosha yote mbele yao, lile dogo nikalisugua na udongo mpaka vidole vikachubuka. Hakuna aliyenisaidia. Mmoja akacheka, "Sasa Polisi ndiye mtunzaji."

Ijumaa hii ni hitma ya marehemu. Shemeji yangu, mdogo wake, alikuja juzi, hakukaa, akasimama pale nje.

"Shemeji, watu hawatakula kwako. Mtoe huyu mbwa. Kuna mtu ana gobore, hatasikia maumivu. Ukikataa, hitma tutaisomea kwangu."

"Mtamsomea mume wangu nje ya nyumba yake?"

"Si mimi niliyemwingiza mbwa jikoni, shemeji."

Nikamwendea shehe. Mtu mwema yule. Akaniambia kumlisha mnyama ni thawabu, ila jikoni nimtoe, nimjengee banda. Nimejenga. Nimeweka na gunia na majani makavu. Polisi anatoka bandani, anapapasa, anaangukia kwenye matuta ya kabichi ya jirani, namfuata na fimbo kwenye ukungu namtafuta kwa sauti. Nikimfunga kamba analia kama mtoto mpaka natamani nizibe masikio. Namfungua, anakuja kukwaruza mlango. Nakaa hapo kizingitini, sifungui, sifungi, naamka, nakaa, chai inapoa.

Mwanangu kule Tanga anasema kwenye simu, "Mama, mbwa ni mbwa." Ni kweli. Lakini mgosi alipokuwa hawezi tena kuinuka kitandani, kila asubuhi aliniuliza kitu kimoja, "Polisi ameshakula?" Hakuniuliza mimi kama nimekula, hata siku moja! Mkwe wangu anacheka. Na mimi nacheka, halafu nalia.

Mchele wa hitma upo kwenye gunia. Miaka yote siku kama hizi uani kwangu pamejaa wanawake wanachambua mchele, wanasengenya watu. Leo nachambua peke yangu. Sijui hata kama utapikwa hapa.

Nikimtoa mbwa, watu watakuja, watamwombea dua mume wangu nyumbani kwake. Nikimbakiza, dua itasomwa kwa shemeji, na mimi nitakwenda kukaa kule kama mgeni. Ningemuuliza mgosi mwenyewe, lakini ndiye huyo tunayemsomea.

Wanangu mnaosoma hapa, mwenye mama wa umri wangu anifikirie. Mwenye gobore anangoja jibu langu. Nishaurini, nimwambie nini?