Makaa ya Moto Mlangoni

Wanangu mtakaosoma haya, mimi shule niliishia darasa la nne, msinitafutie maneno ya mapambo. Simu wekeni chini kwanza, msome polepole.

Nakumbuka asubuhi moja, si zamani sana, mitungi ya gesi ya kupikia tayari imefika kijijini kwetu hapa ziwani, Musoma Vijijini. Nilifungua mlango jogoo hajamaliza kuwika, nikakuta kigae cha chungu kilichovunjika kimewekwa kizingitini. Ndani yake kaa la moto. Upepo wa ziwa ukipita linakuwa jekundu, ukitulia linafifia, kama kitu kinachopumua. Mtu hakuna. Mbwa wetu, anayebwekeaga hata kuku, kalala kimya pembeni ya kile kigae.

Nikalimwagia maji. Likatoa sauti kama ya mtu anayenong'ona.

Kumbe hatukuwa peke yetu. Mji wa pili, kwa jirani, kaa, mji wa tatu kaa, na kesho yake tena. Nyayo hazionekani vizuri, mbwa hawabweki. Watu wakataka kumleta mganga wa Kiabakari. Wifi yangu, ule mdomo wake mnaujua, akasema huyu ni mchawi wa ajabu, anagawa moto bure na kuni zilivyo mbali. Tulicheka, ila kicheko cha midomo tu.

Nyumba moja haikuwekewa kitu: ya Mama Majura, mjane wa kule mwisho kwenye majabali. Mwanawe yuko Kabasa, Bunda, anauza vipuri vya pikipiki, simu anapiga sikukuu. Zamani Mama Majura alikuwaga wa kutuchekesha tunapoanika dagaa. Alipofiwa na mume akaacha kuja, na sisi tukaacha kuuliza. Basi ikasemwa ni yeye. Mwanangu Masatu, mtu mzima mwenye mke, akanoa panga mbele yangu.

"Mama, kesho namsubiri nyuma ya mlango," akasema. "Akiweka tu, namkata."

Hakuwa anatania. Na mkoa wetu mnaujua. Kikongwe mwenye macho mekundu kwa moshi akishatajwa jina, hachelewi kuzikwa.

Jioni nikakiangalia kigae cha siku ile kabla hakijatupwa. Chini pametandikwa jivu laini, na juu limebaki jivu lililofunika kaa. Mwanangu, ile kazi mikono yangu iliijua. Nilipoolewa hapa kutoka Bugwema, mama mkwe alikuwaga ananituma kila asubuhi na kigae kwa ajuza mmoja jirani, nikaombe moto. Siku moja nikaona kibiriti juu ya kichanja. Nikanuna, nikamuuliza mama mkwe kwa nini ananipitisha kwenye umande kama mbuzi wakati kibiriti kipo. Aliniangalia mpaka nikainamisha uso.

"Moto tunao," akasema. "Nakutuma ukaombe. Mtu asiyeombwa kitu na yeyote huanza kusahau kama yupo."

Ndiye aliyenifundisha kulilaza kaa kwenye jivu lisife njiani. Sasa anayekutakia mabaya atakufunikia moto usife?

Alfajiri nikampita Masatu kakaa nyuma ya mlango na panga lake. Nikamwambia akae hapo hapo, nikatokea jikoni na kigae mkononi. Mbwa wetu akanitangulia. Nilipofika kwenye majabali nikakuta mbwa wa kijiji kizima wamelala mlangoni kwa Mama Majura, wametulia kama watu waliokaa matanga. Ndipo nikajua kwa nini hawabweki. Ndio wageni aliobaki nao.

Nilipiga hodi, hakuitika. Nikaingia. Amekaa kando ya mafiga, na mbele yake vigae vimepangwa, kimoja kwa kila mji.

"Mama Majura, naomba moto."

Aligeuka taratibu. Akanyoosha mkono, akanishika kiganja, akakibonyeza kama anayepima kiazi kama kimeiva.

"Unaniona?"

"Nakuona. Umeamkaje?"

Akakiachia kiganja changu. Halafu, kwa sauti kavu ya mtu asiyeitumia, akaniambia alianza kufikiri amekufa na hakuna aliyemwambia. Akipita njiani watu wanageuza nyuso. Akisalimia nyumbani kwake, anayemsikia ni ukuta. Ndio akaanza kutugawia moto, aone kama kuna atakayeuona.

"Nikipita nikakuta mmemwaga maji," akasema, "nafurahi. Nasema, kumbe wanauona."

Mwanangu, nesi wa zahanati anasema kuna ugonjwa unaitwa sonona, na nilimpeleka Mama Majura kwake. Akikwambia nenda hospitali, nenda, usibishe. Lakini nesi hawezi kulala kwako. Wahenga walisema upweke ni uvundo, na uvundo hautoki kwa kufunga mlango. Nyie kutoa mmejifunza, mnapeleka sukari kwa mzee na picha mnapiga. Jifunzeni na kuomba. Muombe jirani yako mpweke chumvi, muombe mchi, muombe akuonyeshe furu, hawa samaki wadogo wa ziwani, wanavyopikwa. Ukimpa tu, unamwonyesha hana kitu. Na ukimwomba, keti kidogo, usikimbie na chumvi kama mwizi.

Mungu awape majirani wanaopiga hodi. Awape na masikio ya kusikia mlango ambao hakuna anayeupigia hodi. Moto wa nyumba zenu usizimike.

Na msidhani niliishia kwenye maneno. Nilirudi asubuhi ile na kaa langu, nikamkuta Masatu bado yuko nyuma ya mlango. Nikawaita na wengine wote waliokuwemo, wasikie.

"Kuanzia leo moto wa asubuhi wa mji huu unatoka kwa Mama Majura. Gesi iwepo, kibiriti kiwepo, sijali. Masatu, weka panga chini, shika kigae hiki. Kesho unakwenda wewe. Na utamsalimia mpaka aitike."