Koti Lililoshika Nafasi

Wiki hii, kwenye bureau moja, yaani ofisi, hapa Baraka, nilimkuta mama anayetetea walemavu wapate kazi. Alikuja na magongo yake, pamoja na kijana kiziwi, fundi wa kompyuta, aliyemwombea kazi.

«Mama, nafasi iko na muntu,» chef, mkuu wa ofisi, akasema, akionyesha kiti kilichotundikwa koti. «Ametoka kidogo tu.»

Mama akashusha sauti. «Papa, mwenye hii koti tulimuzika kule Nundu. Mi nilikuwa kwenye kilio.»

Dirisha lilikuwa limefungwa, lakini mkono wa koti ukatikisika. Hata mimi, bingwa wa vichekesho, nikarudi nyuma hadi mlangoni.

«Basi akae,» chef akanong'ona. «Lakini koti musiiguse.»

Kijana akalisalimia koti kwa ishara za mikono, ndipo akaketi. Kwetu huku, kiziwi aliye hai hupata kazi pale tu marehemu anapokubali kusogea.