Siku Nilipomwombea Kemunto Kanisani

Nyinyi vijana, mkiwa na nyanya kama mimi, mwelezeni masomo yenu mapema. Mjukuu wangu Kemunto anasomea kutibu watoto walioumia moyoni. Kila Alhamisi alienda mjini Keroka kwa mshauri wa mambo ya moyo, akarudi macho mekundu. Mimi mjuaji nikaona akili imemruka. Sabato nikasimama, nikaomba kanisa lote limwombee apone akili.

Kemunto akainuka. "Nyanya, mimi si mgonjwa! Kila mwanafunzi wa kazi hii lazima kwanza asikilizwe yeye mwenyewe na mshauri, ndipo apewe cheti."

Nilikuwa nimeshasema. Akina mama waliokuwa wakimletea watoto wao awatibu kwa mazoezi ya masomo yake wamewaondoa, na bila watoto hao hahitimu. Nimewaomba msamaha nyumba kwa nyumba, bure. Kemunto amejifungia chumbani. Nimewaambia wa nyumbani: "Mwacheni alie. Na asiombewe na mtu, mpaka mwenyewe aombe kuombewa."