Mwaka Ambao Walubengo Aliomba Kwenda Finland

Walubengo alijaza maombi ya kwenda Finland vipande vipande, kama mtu anayekula huku anatembea. Sehemu moja aliijaza kwenye maktaba ya seminari, nyingine akiwa nje ya kanisa la Kapseret akingoja wanakwaya wafike, na nyingine nyumbani Langas huku binti yake Nanzala akimvuta shati. Ilikuwa nafasi ya mwaka mmoja. Mwanafunzi wa theolojia angekwenda kufanya mafunzo ya kazi katika usharika wa Kilutheri kule, akahubiri, akatembelea wazee, akaona wenzake wanavyoendesha kanisa, kisha akarudi nyumbani. Mkuu wa chuo ndiye aliyemwita na kumwambia ajaribu, kwa sababu alama zake zilikuwa nzuri na umri ulikuwa bado unamruhusu.

Mambo yangekuwa rahisi kama angekuwa mwanafunzi tu. Lakini Mchungaji Jackson Kipkoech, aliyewekwa kumsimamia, alikuwa na ugonjwa wa sukari, na tangu mwaka uanze miguu yake ilikuwa imevimba hata viatu havimwingii. Usharika wake ulikuwa na mitaa iliyotawanyika, kila mmoja na kanisa lake: Kapseret, Ziwa, Burnt Forest, na mmoja mdogo kando ya mji. Kwanza Walubengo aliombwa ashike Kapseret Jumapili moja. Halafu kukawa na mazishi Ziwa. Halafu vijana wa Burnt Forest wakataka mafundisho ya kipaimara, na nani mwingine angewafundisha? Hakuna aliyekaa naye chini akamwambia kwamba sasa mitaa yote ni yake. Ilimwangukia tu, mmoja baada ya mwingine, na siku alipogundua, watu walikuwa wameshazoea kumpigia simu yeye.

Maswali ya Finland hayakumsumbua. Kwa nini unataka kuja, unaelewaje wito wako, utawezaje kuishi na watu wa utamaduni mwingine: yote hayo aliyajibu vizuri. Swali moja tu ndilo lililomkwamisha, na lilikuwa fupi kuliko yote. Walimuuliza, huwa unapumzika vipi?

Jioni hiyo Linah, mkewe, alikuwa anapiga pasi sare ya kazi. Alikuwa karani katika duka la mbegu na dawa za mifugo. Walubengo akamsomea lile swali na kumuuliza angejibu nini.

Linah alisimamisha pasi. "Unaniuliza mimi?" akasema. "Baba Nanzala, mimi siku nitakukuta umelala mchana, nitaita daktari."

Walubengo alicheka. Linah hakucheka, akaendelea na kola.

Aliandika kwamba hupenda kusoma vitabu na kutembea. Kisha akajiuliza ni lini mara ya mwisho alitembea bila kuwa na mahali anapokimbilia, akafuta. Mwishowe aliandika kwamba hajui, na kwamba akipata jibu atawaandikia. Akatuma hivyo hivyo kabla hajabadili mawazo.

Ilibaki barua ya Mchungaji Kipkoech ya kumpendekeza. Walubengo alikuwa ameiomba tangu kabla ya Pasaka, na Mchungaji akasema ataiandika baada ya Pasaka. Baada ya Pasaka akasema wangoje mkutano wa dayosisi upite. Mkutano ukapita. Walubengo akaenda nyumbani kwake, akamkuta ameketi barazani, miguu juu ya kigoda, na mkewe, Mama Jerop, akawaletea chai. Walizungumza juu ya mahindi na mvua mpaka Walubengo akaona aibu ya kuuliza tena.

Mzee mwenyewe ndiye aliyeanza. "Sijakataa kuandika," alisema. "Naogopa. Ukienda wewe, watu wa Burnt Forest nitawaambia nini?"

Walubengo alitaka kusema kwamba watu wa Burnt Forest hawakuwa wake, kwamba yeye hata hajabarikiwa kuwa mchungaji. Lakini aliiangalia ile miguu, akanywa chai yake.

"Mwandikie kijana wa watu barua yake," Mama Jerop alisema kutoka mlangoni, bila kupandisha sauti.

Ikaandikwa hapo hapo, nayo ilikuwa na sifa nyingi ambazo Walubengo hakuwahi kuzisikia kinywani mwa yule mzee.

Mahojiano na watu wa Finland, kwa mtandao, yaliangukia Jumamosi ambayo walikuwa wanamzika Mama Esther huko Burnt Forest. Huyu alikuwa miongoni mwa wazee waliorudi baada ya nyumba zao kuchomwa katika ghasia za uchaguzi na kuanza kuabudu tena chini ya turubai, kabla kanisa halijapata ukuta. Kumkabidhi mtu mwingine mazishi yake hakukuwezekana. Walubengo aliwaomba jamaa waanze mapema, wakakubali, lakini hotuba ni hotuba. Kila mkwe alikuwa na lake. Mvua ikanyesha kaburi likiwa wazi. Aliposoma maneno ya mwisho, alitoka bila kula, suruali imejaa matope, akaenda kwa mwalimu Njenga, mzee wa kanisa, ambaye alikuwa amemfungulia ofisi ya shule kwa sababu mtandao pale haukatikikatiki.

Watu watatu walimtazama kutoka kwenye kioo cha kompyuta. Walimuuliza kuhusu baridi, chakula, familia. Aliwajibu kwa Kiingereza chake kizuri cha darasani. Kisha mchungaji mmoja mwanamke, mwenye nywele nyeupe, akasema kwamba alikuwa amesoma jibu lake kuhusu kupumzika. Akauliza kwa upole kama ameshalipata.

Walubengo alifungua kinywa, na sauti haikutoka. Macho yalijaa machozi. Njenga, aliyekuwa nje, alichungulia dirishani, akaelewa, akajiondokea. Wale watatu walingoja. Hatimaye Walubengo aliwaambia ametoka kumzika nani, na kwamba kesho yake ana ibada Ziwa asubuhi, kisha Kapseret. Alisema kama mtu anayetoa ripoti. Mwanamke yule alimshukuru, wakamaliza.

Nafasi alipewa Aluoch, msichana wa darasa lao. Walubengo alimpongeza, na karibu moyo wake wote ulikuwa katika pongezi hizo. Kwake yeye wale wa Finland waliandika kando, na nakala ikaenda kwa mkuu wa chuo. Walisema kwamba wanaogopa kumtoa mtu aliyechoka hivyo na kumpeleka kwenye majira yao ya baridi na giza refu, kwamba mwanafunzi hafai kubebeshwa mitaa yote hiyo, na kwamba wangefurahi akiomba tena mwaka ujao.

Alikasirika kwanza. Watu wasiomjua walikuwa wamempima nguvu kupitia kwa kompyuta. Siku nzima alitembea na hasira hiyo, na chini yake kulikuwa na nafuu ambayo aliionea haya.

Mkuu wa chuo alimwita akasema hakuwa akijua mzigo wenyewe ni mkubwa namna hiyo. Walubengo alikumbuka mara ngapi mkuu huyo alimkuta akisinzia katika somo la Kigiriki. Hata hivyo mkuu alizungumza na dayosisi, na mwinjilisti mmoja mstaafu akakubali kushika Ziwa kuanzia mwezi uliofuata.

Jumamosi Mchungaji Kipkoech alipiga simu kama kawaida, kumkumbusha ibada ya Burnt Forest.

"Mchungaji, kesho sitaenda," Walubengo alisema.

Mzee alingoja sababu. "Uko mgonjwa?"

"Hapana. Nimechoka."

Mzee akasema sawa, Njenga na wenzake wataongoza wenyewe, wanajua liturujia. Sauti yake haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya mtu ambaye naye angetamani kusema vivyo hivyo.

Jumapili Walubengo aliketi na Linah na Nanzala katika kanisa la mjini, benchi za nyuma. Johnstone, mwinjilisti wa pale, alihubiri, na hakuhubiri vizuri. Aliruka kutoka andiko hili hadi lile, akarudia mfano mmoja mara mbili. Walubengo hakumsahihisha hata moyoni. Kabla ya sadaka usingizi ulikuwa umemchukua, kidevu kifuani. Linah alimwona. Aliondoa kitabu cha nyimbo pajani mwake kisije kikaanguka, akamsogezea bega.